HITA INAYOWAKA NA KUZIMA: TUANZE KUTAFUTA WAPI?

Somo letu mara hii linahusu hita ya stima. Huenda wengine wenu mkasema, "Sisi hatuna hita, hata stima yenyewe ililetwa juzi tu." Vumilieni kidogo. Yale tuliyojifunza kwa hita moja huko sehemu za Molo yanafaa pia kwa pasi, kwa taa ya kulea vifaranga na kwa mashine ya kukatakata majani ya ng'ombe. Isitoshe, kwa sababu ya hita hiyo kikundi kizima kilikaribia kuvunjika, na watoto wadogo walikaribia kupoteza maisha.

Kikundi chenyewe hatutakitaja, kwa kuwa wenyewe wametuomba hivyo. Ni akina mama wanaolima viazi na kuweka akiba pamoja, na ambao wamefungua darasa la chekechea katika nyumba ya zamani. Wengi wenu mnazijua nyumba za namna hii, kutoka Njoro na Elburgon hadi Molo na Mau Summit: walowezi walizijenga kabla ya Uhuru, kuta ni za mbao, paa ni la mabati, sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya mawe, na sebuleni pana mahali pa kuotea moto wa kuni. Katika nyumba hii dohani iliziba miaka mingi iliyopita, na mabati yalipobadilishwa, tundu lake likafunikwa kabisa. Kwa hiyo moto wa kuni hauwezekani.

Na baridi ya huko si mchezo. Nakuru mjini tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, lakini Molo iko zaidi ya mita 2,400. Kuanzia Juni hadi Agosti mtoto wa miaka minne hawezi kushika chaki saa mbili asubuhi. Ndiyo maana kikundi kikakubaliana kutoa akiba na kununua hita moja yenye feni, ya wati 2,000. Mama mweka hazina akatumwa Nakuru mjini, akainunua, akarudi na risiti.

Mambo yalivyoharibika

Siku ya pili tu, taa za upande wa darasa zikazima. Kijana wa jirani akafungua kisanduku cha fyuzi, kile cha zamani chenye vishikio vya kauri, akakuta kiwaya chembamba cha fyuzi kimekatika. Akaweka kingine. Kesho yake kikakatika tena. Mara ya tatu kijana akachoka. Akachomoa nyuzi za shaba kwenye kipande cha waya nene, akazisokota na kuzifunga pale. Fyuzi haikukatika tena, na watu wakamsifu kwa ufundi wake. Tafadhali mkumbuke jambo hili, tutalirudia.

Baada ya wiki mbili hita yenyewe ikaanza visa. Inawaka vizuri, halafu inazima. Mnakaa, inawaka yenyewe. Siku nyingine inazima na kuwaka mara tatu kwa dakika moja kama mtu anayechezea swichi. Ikapelekwa kwa fundi wa redio sokoni, akaiwasha mezani kwake dakika kumi ikafanya kazi, akatoza pesa. Ikapelekwa mara ya pili, ikawa hivyo hivyo.

Hapo maneno yakaanza. Ati mweka hazina alinunua hita ya mtumba akaandikiwa risiti ya hita mpya. Aliyeanza kusema hatumjui, na sasa hakuna anayekubali kuwa ndiye. Lakini kikundi hiki kina akina mama wa makabila zaidi ya moja. Sehemu hizo ziliona fujo za mwaka 1992, na za mwisho wa 2007 hadi 2008, na kikundi kilianzishwa na majirani waliotaka kuaminiana tena. Mahali kama hapo, kumshuku mtu kwa pesa hakukai kwenye pesa tu. Akina mama wanne wakaacha kuja mikutanoni. Mweka hazina naye akaleta kitabu cha hesabu na funguo, akaviweka mezani, akasema, "Tafuteni mwingine."

Jiko la makaa darasani

Asubuhi moja ya Julai hita ilikataa kabisa. Msaidizi wa mwalimu akawasha jiko la makaa nje, akangoja moshi uishe, akaliingiza darasani na kufunga mlango na madirisha ili joto lisitoke. Alifikiri kwamba moshi ukishaisha hakuna hatari. Wengi wetu tumefikiri hivyo.

Haikupita saa nzima. Watoto wawili wakalala juu ya meza. Mmoja akatapika. Mwalimu alisikia kichwa kinagonga, akadhani ni malaria inamwanza. Aliyewaokoa ni mama mpishi, aliyekuja na sufuria ya uji, akafungua mlango na kuwaona watoto wamelegea. Hakuuliza swali. Alipiga kelele, na akawatoa nje mmoja mmoja. Wakapelekwa zahanati, na wote wakapona.

Makaa yanayowaka hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, wala haikerezi koo. Makaa mekundu yasiyo na moshi huitoa pia. Hewa hii hushikana na damu kwa nguvu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, hivyo damu inazunguka mwilini bila kubeba kile ambacho mwili unahitaji. Dalili za kwanza ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi usio wa kawaida, na watu kadhaa chumbani huzipata pamoja. Mkiona hivyo, msitafute dawa ya kichwa. Tokeni nje wote, fungueni kila kitu, halafu mwende hospitali hata kama mnajisikia nafuu. Jiko la makaa halilali na watu chumbani, iwe Molo, Mombasa au popote.

Baada ya tukio hilo ndipo tulipoitwa.

Daftari la mwalimu

Tulikwenda pamoja na fundi wa stima mwenye leseni ya EPRA, ile mamlaka inayosimamia kawi nchini. Mzee huyu ameshughulikia nyumba nyingi za aina hii. Tulidhani ataanza kwa kufungua hita. Hakuifungua. Aliomba daftari la watoto lisiloandikwa, akampa mwalimu.

"Mwalimu," akasema, "niandikie siku tano. Imewashwa saa ngapi, imezima saa ngapi, imerudi yenyewe au mmeigusa. Na taa ya chumba je, ilibaki kama kawaida? Taa ya jikoni je? Watu walikuwa wanafanya nini?" Kisha akamwonya kwamba siku hizo asiiache hita bila mtu mzima kuwa karibu, na wakisikia harufu ya kuungua wazime meni swichi mara moja.

Aliomba jambo moja zaidi: katika chumba kile na jikoni waweke balbu za zamani, zile zenye uzi unaowaka ndani. Balbu za siku hizi za LED hujirekebisha, na stima ikipungua huenda usione tofauti. Balbu ya uzi haifichi kitu. Ni kipimo cha bei rahisi kuliko chochote fundi anachobeba mfukoni.

Kusema kweli tuliona kama anatupotezea wakati. Lakini siku tano zilipokwisha, tulipata kwenye daftari namna tatu za kuzima, na kila moja ilikuwa na wakati wake na dalili zake. Kumbe tulikuwa tunatafuta kosa moja, na makosa yalikuwa matatu. Kila mmoja kikundini alikuwa amesema kweli juu ya alichokiona, na ndiyo maana ugomvi haukuweza kwisha.

Namna ya kwanza: hita inazima yenyewe, taa ziko sawa

Karibu kila asubuhi hita ilizima dakika 20 hadi 25 baada ya kuwashwa. Taa ya chumba haikutikisika. Baada ya kama dakika kumi hita ikarudi bila kuguswa.

Ndani ya hita yenye feni kuna kilinzi cha joto. Feni inatakiwa kuvuta hewa baridi kutoka nyuma na kuipitisha juu ya waya uliowaka mwekundu. Hewa ikikosa kupita, joto linajaa ndani, na kilinzi kinakata stima kabla plastiki haijayeyuka. Hita ikipoa, kilinzi kinaunganisha tena. Hita nyingine hazirudi mpaka uchomoe plagi na kungoja. Kwa hiyo hita inayozima hivi haijafa. Inajiokoa.

Fundi alichomoa plagi, akangoja hita ipoe, akageuza nyuma yake. Matundu yalikuwa yamezibwa na vumbi la chaki, vumbi la sakafu na nyuzi za sweta, mpaka pamekuwa kama blanketi. Tena hita ilikuwa imewekwa chini ya benchi ambapo watoto huning'iniza makoti. Makoti yanaziba hewa, na yenyewe yanaweza kushika moto. Alisafisha kwa brashi laini na kwa upepo wa pampu ya baiskeli, akajaribu feni kwa kidole kuona kama inazunguka bila kukwama. Kazi hii kikundi chaweza kuifanya kila mwezi wakati wa baridi, mradi plagi imechomolewa na hita imepoa. Hailoweshwi kwa maji wala haifutwi kwa mafuta ya taa. Ikiwa feni inakwama au inalia, hiyo ni ya fundi.

Hapa tuseme neno juu ya kile kifundo cha kuchagua joto, thamostati. Chumba kikifikia joto ulilochagua, thamostati inakata, na chumba kikipoa inaunganisha. Huwa unasikia "tak" ndogo. Kuzima kwa namna hii ni kazi yake na si ugonjwa. Mkiwa na shaka, zungusheni kifundo hadi juu kabisa. Hita ikiwaka papo hapo, basi ilikuwa thamostati tu.

Baada ya kusafishwa, hita ilipelekwa katika nyumba ya mawe ya jirani, yenye nyaya mpya. Wiki iliyotangulia ilizima huko pia, na jambo hilo ndilo lililompa mweka hazina hatia machoni pa wengi. Mara hii iliwaka saa mbili nzima. Mama mweka hazina alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, mikono ndani ya kanga, na hakusema neno.

Ikarudishwa darasani. Ikawashwa. Watoto wakasimama kuimba wimbo wa asubuhi, ule wa kurukaruka, na hita ikazima.

Namna ya pili: hita inazima, na taa ya chumba inapepesa

Mtu mwingine angekata tamaa hapo. Fundi alicheka, akasema, "Waambieni waimbe tena."

Daftari lilikuwa limeonyesha jambo hili mara sita: hita inazima na kuwaka haraka haraka, na kila mara watoto walikuwa wanaruka au mtu mzito alikuwa anapita karibu na dirisha. Na taa ya chumba ilipepesa pamoja na hita, huku ya jikoni ikitulia.

Tufikiri pamoja. Hita ingekuwa mbovu ndani, taa ingebaki sawa. Kama vyote viwili vinapepesa pamoja, basi kosa liko kwenye njia wanayotumia wote wawili. Kama taa ya jikoni haipepesi, kosa haliko kwenye nguzo wala kwenye meni swichi, kwa maana jikoni nako kunapata stima kutoka huko huko. Kwa hiyo kosa liko kati ya kisanduku cha fyuzi na chumba kile. Tumefika hapo bila kufungua skrubu hata moja.

Fundi akachukua mita yake ya kupimia. Bila hita, kwenye soketi palikuwa na volti 232. Hita ilipowashwa, kwenye meni swichi zilibaki 222, lakini kwenye soketi ya darasa zilikuwa 196 tu. Volti 26 zilikuwa zinapotelea ndani ya ukuta.

Zinapotelea wapi? Stima haipotei bure, inageuka joto. Hita hii ya wati 2,000 imetengenezwa kwa volti 240. Ikipata volti 196 huvuta karibu ampia 6.8. Zidisha 26 kwa 6.8, utapata karibu wati 177. Ni kama kuwasha balbu tatu za wati 60 ndani ya ukuta wa mbao kavu, ambapo hakuna anayeziona. Hita yenyewe ilikuwa inatoa kama wati 1,330 tu, theluthi mbili ya kazi yake. Ndiyo maana akina mama walisema hata ikiwaka haipashi vizuri. Nao walisema kweli.

Alizima meni swichi, akachomoa vile vishikio vya fyuzi na kuvitia mfukoni mwake ili mtu asiwashe kwa bahati mbaya, akapima tena kuhakikisha hakuna stima. Ndipo akafungua ubao wa ukuta. Soketi ya darasa haikuwa na waya wake. Mtu, miaka iliyopita, aliitoa kwenye nyaya za taa, ambazo ni nyembamba. Nyaya zenyewe zilikuwa za zamani sana, zile zilizofunikwa kwa raba na kitambaa, na raba ikikauka miaka mingi hupasuka kama udongo wa kiangazi. Aliigusa ikaanguka vipande. Na pale palipounganishwa, nyaya zilikuwa zimesokotwa tu kwa mkono na kufungwa kwa karatasi ya nailoni. Nailoni ilikuwa imeyeyuka. Mbao nyuma yake ilikuwa nyeusi, imeungua pana kama kiganja cha mtu mzima.

Tulinyamaza wote. Ng'ambo ya ubao ule ndipo watoto wanapolazwa saa sita.

Waya nyembamba hula volti kidogo kwa urefu wake, lakini kiungo kilicholegea hula nyingi mahali pamoja. Kinapata moto, kinapanuka. Hita ikizimwa kinapoa na kunywea. Kila siku kinalegea zaidi. Sakafu ikitikisika, kinaachana na kurudiana. Hiyo ndiyo iliyokuwa siri ya wimbo wa asubuhi.

Sasa turudi kwa kijana wetu wa fyuzi. Fyuzi ya taa katika visanduku vile vya zamani ni ya ampia 5. Hita hii ikipata stima kamili huvuta ampia 8.3. Fyuzi ilipokatika mara tatu ilikuwa inasema, "Mzigo huu ni mkubwa kuliko njia." Kijana akaiziba mdomo kwa waya nene. Tangu siku hiyo kiungo kile kingeweza kuungua hadi nyumba ishike moto, na fyuzi isikatike. Hatumlaumu peke yake. Wangapi kati yetu wamewahi kuweka karatasi ya fedha ya sigara ndani ya plagi? Fyuzi ya plagi ya hita ya wati 2,000 ni ya ampia 13, nayo hupatikana duka lolote la vifaa vya stima.

Kazi iliyofanywa

Fundi hakutaka kurekebisha kiungo. Alisema ukirekebisha kimoja katika nyaya za umri ule, mwezi ujao utakuwa unatafuta kingine. Alikata kabisa soketi ile kutoka kwenye nyaya za taa, akavuta njia mpya ya hita peke yake: waya wa milimita za mraba 2.5 ndani ya bomba la plastiki, breka yake yenyewe, soketi mpya ya matundu matatu ya mraba. Ile adapta ya kuunganisha plagi mpya na soketi ya zamani ya matundu ya mviringo, ambayo ilikuwa imegeuka rangi ya chai, aliivunja kwa nyundo mbele yetu. Alichimbia chuma cha athi nje, kwa sababu cha zamani kilikuwa kimeliwa na kutu, akaongeza breka ya miliampia 30, ambayo hukata haraka stima inapovujia ardhini, kama vile inapopitia mwilini mwa mtu. Nyaya za taa zilizobaki aliandika kwamba zibadilishwe zote kabla ya baridi ya mwaka ujao, na mpaka hapo zisibebe kitu chochote ila taa, kwa fyuzi yake halali.

Jambo la rangi ni la kuangaliwa sana katika nyumba hizi. Nyaya za zamani ukutani: nyekundu ndiyo yenye moto, nyeusi ni ya kurudi, kijani ni ya athi. Kwenye waya wa hita mpya: kahawia ndiyo yenye moto, buluu ni ya kurudi, kijani na manjano ni ya athi. Anayekisia rangi huenda akaweka moto kwenye mwili wa chuma wa kifaa. Na tesa ile ya bisibisi yenye kitaa ikikosa kuwaka, msidhani hakuna stima. Kufungua soketi na kisanduku ni kazi ya mwenye leseni, wala si ya mwanakikundi jasiri.

Baada ya kazi, hita ilipowashwa soketi ilionyesha volti 219. Sasa inatoa kama wati 1,665. Watoto waliimba, wakaruka, na haikuzima.

Namna ya tatu: jioni hita inachoka

Daftari lilikuwa na namna moja iliyobaki. Katika darasa la watu wazima la saa moja jioni, hita ilikuwa dhaifu, na taa za nyumba nzima zilikuwa hafifu, hata za majirani. Fundi alipima kwenye meni swichi kabla ya hita kuwashwa: volti 190. Kwa volti hizo hita haifikii hata wati 1,260.

Hii haimo ndani ya nyumba. Watu wote hupika, huwasha taa na televisheni wakati mmoja, na laini ni ndefu na nyembamba. Inachekesha kidogo, au inauma, maana umeme wa mvuke wa nchi hii huzalishwa papa hapa Kaunti ya Nakuru, kule Olkaria, tangu mwaka 1981. Lakini ugonjwa wa laini hautibiwi kwa kununua hita kubwa zaidi. Hita kubwa itaivuta chini zaidi. Kinachofaa ni kupima siku kadhaa, kuandika tarehe, saa na volti, kukusanya namba za mita za majirani, na kupeleka barua moja ya pamoja kwa kampuni ya umeme, mkabaki na nakala iliyopigwa muhuri. Kikundi kimefanya hivyo. Tunapoandika haya, wamepewa namba ya malalamiko na bado wanangoja.

Wakati wanangoja, wameziba nyufa za mbao kwa magazeti na uji wa unga, na kushona gunia chini ya mlango. Hesabu ya tokeni iliwasukuma: hita ya wati 2,000 ikivuta kwa nguvu zake zote saa tatu kwa siku hutumia yuniti 6, na kwa siku 20 za shule ni yuniti 120. Chukueni risiti yenu ya tokeni, mgawanye pesa kwa yuniti mlizopata, mzidishe. Vikundi vingi hununua hita kabla ya kufanya hesabu hii.

Mkutano wa mwezi

Tulihudhuria mkutano wao uliofuata. Mwalimu alisoma daftari lote kwa sauti, siku tano, mstari kwa mstari. Fundi alikuwa amehifadhi kile kiungo kilichoungua, akakipitisha mkono kwa mkono. Kila mama alikishika na kukinusa. Kilipomfikia mweka hazina, alikitazama kwa muda, akakiweka juu ya meza mbele yake.

Mama mmoja, mmoja wa wale wanne walioacha kuja, akasimama na kusema, "Mama, risiti ilikuwa ya kweli." Hakuongeza neno. Mweka hazina akavuta kitabu cha hesabu upande wake, akaomba mafuta yaandikwe chini ya uji wa Agosti kabla hajasahau.

Kwa mazungumzo kikundini

Kabla ya kikao chenu kijacho, watu wawili wazunguke nyumba mnayotumia wakiwa na daftari. Je, kuna soketi au plagi iliyogeuka rangi, au inayonuka baada ya saa moja ya kazi? Kuna ekstensheni iliyokunjwa huku ikibeba pasi au hita? Mkiwasha kifaa kikubwa, ni taa zipi zinazofifia: za chumba hicho tu, za nyumba nzima, au za majirani pia? Ni nani aliyeweka fyuzi ya mwisho, na aliweka waya gani? Na pesa za kikundi zikitumika kununua kitu, kisha kitu hicho kikaharibika, ni nani mnayemuuliza kwanza, na mnamuuliza mbele ya nani?